Vipesa vya Kilwa na mamba wa Blue Mud Bay

Ile posti imerudi tena. Kwenye gruu la wasap la watu wa kwetu huwa inarudi kila baada ya miezi kadhaa kama vile haijawahi kupita, WASWAHILI WALIGUNDUA AUSTRALIA KABLA YA WAZUNGU, herufi kubwa tupu, na picha ya kipesa cheusi cha shaba kiganjani mwa mtu. Safari hii watu wameshangilia kama tumefunga goli dakika ya 90, mmoja akasema tudai fidia, mwingine akasema fidia ya nini, tudai viwanja kabisa, na mimi nikacheka na wenzangu, halafu usiku usingizi ukagoma. Kuna kitu kwenye ile posti kilikuwa kinanikereketa na sikijui.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Utotoni tulikuwa tunavuka kwenda Kisiwani, na bahari ya bamvua ikishakupwa tunapita pwani tumeinama migongo, tunaokota vigae vya sahani za Kichina, shanga, na siku ya bahati kipesa cha shaba, kidogo kuliko kifungo cha koti. Hatukujua thamani yake. Ukubwani ndio nikaja kusoma kwamba upande mmoja kuna jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina vina, yani ukigeuza hela umesoma ubeti. Hebu fikiria, wazee walitunga shairi wakaenda nalo sokoni kununulia samaki.

Sasa stori ya Australia yenyewe ni ya kweli, hapo gruu halijadanganya. Mwaka 1944, katikati ya vita, mwanajeshi wa anga wa Australia anaitwa Maurie Isenberg alikuwa kituo cha rada kwenye kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi ile. Siku ya mapumziko kaenda kuvua, akaona vihela mchangani, akavitia kwenye mkebe na maisha yakaendelea. Mpaka 1979 ndio akavituma vikaangaliwe, kumbe hela 9, nne za kampuni ya Waholanzi, na tano za Kilwa. Kilwa! Kama kilomita 10,000 kutoka pale tulipokuwa tunainama. Nje ya pwani yetu hela hizi zimeonekana kwa nadra sana, moja Great Zimbabwe, moja Oman. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh alikwenda na timu yake kutafuta zaidi pale Marchinbar, na 2018 ikaokotwa nyingine kisiwa cha Elcho ambayo inadhaniwa nayo ni ya kwetu.

Je, mtu wa Kilwa alifika? Mimi sioni. Zile za Kiholanzi ni za kuanzia mwisho wa miaka ya 1600 mpaka 1700 na kitu, na kama zote zilidondoka siku moja basi zile za Kilwa zilikuwa tayari hela mfu, zimekaa mifukoni mwa watu vizazi na vizazi, Mreno keshavamia Kilwa tangu 1505 na mambo yamekwisha. Pengine zilipita mikono kumi, Goa, Malaka, Makassar, mtu kazibeba kama hirizi. Lakini hayo wacha. Nilichokuja kukigundua alfajiri, na chai imeshapoa, ni lile neno lenyewe, WALIGUNDUA. Unagunduaje pwani ya watu?

Maana pale Marchinbar ni nchi ya Wayolngu. Ni watu wa Arnhem Land kaskazini mashariki, wazawa wa Australia, hawa tuliozoea kuwaita Waaborijini kana kwamba ni kabila moja, na kumbe Wazungu walipokuja 1788 bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Huko huko Arnhem Land, upande wa magharibi, kuna pango linaitwa Madjedbebe ambalo wanaakiolojia mwaka 2017 waliandika kwamba watu walikaa pale miaka 65,000 iliyopita. Sultani wetu na msikiti wake mkuu ni watu wa juzi. Ni wa asubuhi hii.

Basi nikaanza kusoma habari za hao wenye pwani, na nimesoma miezi sasa, mke wangu ananiuliza kama nahamia.

Jambo la kwanza lililonikwamisha ni neno ndoto. Ukisoma habari za dini zao utaambiwa wana Wakati wa Ndoto, zamani za kale ambapo mababu wa ajabu waliumba dunia. Neno hilo lina mwenyewe, Frank Gillen, mkuu wa kituo cha simu za maandishi Alice Springs, mwaka 1896 alilitumia kutafsiri neno la Waarrernte, watu wa katikati ya jangwa, na tangu hapo likabandikwa kwa bara zima. Wayolngu hawasemi ndoto. Wanasema Wangarr, ndio hao mababu wenyewe na kazi waliyofanya, na kazi hiyo haikwisha. Inaendelea sasa hivi ukiwa unasoma. Na sheria iliyotoka humo wanaiita Rom, na Rom ni ibada, ni ndoa, ni nani achimbe wapi, ni nani aimbe nini, vyote kwa mkupuo mmoja. Sisi tumezoea dini ina siku yake, Ijumaa ama Jumapili, na serikali ina ofisi zake. Kwa wale, kuuliza dini yako ni ipi na shamba lako ni lipi ni swali moja.

Mfano wa wakina dada wa Djang'kawu. Walitoka kisiwa cha Burralku, mashariki ya mbali, kisiwa ambacho roho za watu wa upande wao huenda wakifa, wakaja na kaka yao kwa mtumbwi wakifuata nyota ya alfajiri, Zuhura, wao wanaiita Banumbirr. Wakashukia Yalangbara. Wale dada walikuwa na fimbo za kuchimbia, na kila walipochomeka fimbo yakatoka maji, pakawa kisima, pakaota mti, na njiani wakazaa koo za watu, wakawapa kila ukoo lugha yake na nyimbo zake na mahali pake. Kuna sehemu za kisa hiki hazisemwi mbele ya kila mtu, wengine hawaruhusiwi kusikia, na mimi pale niliposoma kwamba hapa ni pa wenyewe nikaruka ukurasa. Jando letu nalo lilikuwa na mambo yake, hakuna aliyeyaandika gazetini na hakuna aliyekufa kwa kutoyajua.

Wakina dada hao ni wa upande unaoitwa Dhuwa. Kila kitu duniani ni Dhuwa ama ni Yirritja, watu, samaki, upepo, nyota, mawimbi, maji ya aina hii na maji ya aina ile. Wewe unachukua upande wa baba yako na lazima uoe upande wa pili, kwa hiyo mama yako siku zote ni wa upande mwingine. Na hapa ndipo niliposimama nikapiga goti, kwa sababu kwa ardhi ya ukoo wa mama yako wewe si mwenyewe ila ni msimamizi. Wenye nchi hawawezi kufanya sherehe kubwa kwenye nchi yao wenyewe mpaka watoto wa dada zao wawepo kuangalia kama mambo yanakwenda sawa. Uhusiano huo wa mtoto na mama unaitwa yothu yindi. Sisi wa kusini wenye damu ya Kimwera na Kiyao hatuhitaji kufafanuliwa sana, mjomba na mpwa tunajua uzito wake, ila wale wameuvuta mpaka kwenye mwamba na kisima.

Haya, tukirudi baharini.

Muda mrefu kabla ya rada na vita, kila mwaka mwezi wa 12 upepo wa kaskazini magharibi ulikuwa unaleta mashua kutoka Makassar, kisiwa cha Sulawesi. Wanakaa mpaka upepo ugeuke, kama mwezi wa 4, wanaondoka na ule wa kusini mashariki. Mtu wa pwani yetu hapo hana swali, ni kaskazi na kusi na majahazi. Na walichofuata sasa, jamani, ni majongoo bahari. Majongoo! Mjomba wangu kalea watoto saba kwa majongoo, anazamia, analeta, anachemsha, anafukia mchangani mpaka ganda lioze, anafukua, anakwangua, anakausha, anaingoja ile hela ya tajiri anayepeleka China. Wamakassar walikuwa wanafanya hivyo hivyo, masufuria makubwa ya chuma ufukweni, wanachemsha, wanafukia, wanakwangua, wanakausha kwa moshi, mzigo unakwenda China. Matthew Flinders, Mwingereza aliyekuwa anachora ramani ya bara lile, Februari 1803 alikutana na mashua 6 akashtuka, akatumia mpishi wake Mmalei kama mkalimani, na nahodha wa wale watu, mzee Pobassoo, akamweleza kwamba msafara mzima ni mashua kama 60 na watu kama 1,000. Mgunduzi kakuta foleni.

Biashara ile ilikwenda mpaka 1907, serikali ya Australia Kusini iliyokuwa inatawala kaskazini wakati ule ikawanyima leseni ili wafaidi watu wake. Lakini angalia kilichobaki. Kwa Wayolngu pesa ni rrupiya. Bibi yangu alikuwa anasema rupia mpaka anakufa, ya Wajerumani ile. Bendera kwao ni bandirra, na sisi bendera, neno moja la Kireno limekwenda mashariki na magharibi likalala kwenye midomo miwili isiyojuana. Mzungu ni Balanda, yani Mholanzi. Na kwenye fukwe nyingi ambazo Wamakassar walikuwa wanachemshia majongoo utakuta miti ya ukwaju, wanaiita djambang, imeota kutokana na kokwa zilizotemwa na mabaharia. Mkwaju asili yake ni Afrika. Kwa hiyo ukiniuliza ni kitu gani cha huku kilifika kule kwa uhakika, sikupi kipesa, nakupa kokwa ya ukwaju, ilikwenda Asia zamani sana mpaka watu wakasahau ilikotoka, halafu ikavuka tena.

Lakini bado hizi ni habari za bidhaa na maneno. Kilichonikosesha usingizi wa pili ni kwamba wale wageni waliingia mpaka kwenye Rom. Mambo ya Wamakassar yako upande wa Yirritja, yana nyimbo zake na ngoma zake, na kwenye baadhi ya mazishi husimamishwa mlingoti kama wa mashua, na bendera juu, kwa sababu marehemu anaondoka kama Mmakassar anavyoondoka upepo ukigeuka. Kuna sherehe linatajwa jina la Walitha'walitha, na McIntosh na wenzake wanaona humo ndani sauti ya Allah Taala, imechukuliwa kwa mabaharia Waislamu waliokuwa wanaswali ufukweni. Si kwamba walisilimu. Walitazama, wakaona kitu kina nguvu, wakakiweka mahali pake kwenye mpangilio wao. Na kabla ya Wamakassar kuna nyimbo za watu wengine, Wabayini, waliokuja na wake zao wakajenga nyumba za mawe na kufuma nguo. Ni wageni wa kweli ama ni mizimu? Ukiuliza hivyo umesharudi kwenye swali la dini na shamba.

Kwa hiyo pale gruuni tunashangilia vipesa vitano kana kwamba vilidondoka kwenye jangwa lisilo na mtu, na kumbe vilidondoka katikati ya watu wenye kumbukumbu ya wageni kuliko sisi wenyewe. Labda yupo mzee aliyekuwa na wimbo wa siku ile. Gruu zima halikuuliza.

Nitasimulia habari ya ghuba moja tu, maana ukitaka kuijua historia yao kuanzia kuja kwa Mzungu ni mauaji na watoto kunyang'anywa wazazi na utachoka roho. Ghuba inaitwa Blue Mud Bay. Mwaka 1932 huko jirani, Caledon Bay, Wajapani watano wavunaji wa majongoo waliuawa kwa mikuki. Mwaka uliofuata askari wakaja kutafuta wauaji, kisiwa cha Woodah wakawakamata wanawake wakawatia minyororo, na mume wa mmoja wao, Dhakiyarr Wirrpanda, akamchoma mkuki konstebo Albert McColl akafa. Wakubwa wa Darwin walitaka kikosi kiende kutoa adabu, na adabu siku zile ilikuwa na maana moja, 1928 tu kule Coniston polisi walikuwa wamepiga risasi watu wengi wasio na kosa. Safari hii wakaenda wamishonari badala ya bunduki. Dhakiyarr akakubali kwenda Darwin kujieleza, kwa Rom mtu hujieleza, na Darwin wakamhukumu kunyongwa. Mahakama Kuu ya Australia ikafuta hukumu 1934, akaachiwa, na hakuonekana tena. Hakufika kwao. Mpaka leo kaburi halijulikani. Mwaka 2003 ukoo wake ulikwenda Darwin, wakafanya sherehe ya Wukidi kwenye jengo la mahakama lenyewe na familia ya McColl ikaalikwa, wakasuluhishana. Serikali ilichukua mtu, wao wakaleta ngoma mahakamani kumaliza jambo. Sijui nani hapo alikuwa na sheria.

Kaskazini kidogo ni Yirrkala, na mwaka 1963 serikali ilikata ardhi ya Wayolngu ikawapa watu wa madini ya bauxite bila kuwauliza. Wazee wakaandika barua kwa Kiyolngu na Kiingereza, wakaibandika kwenye magome ya mti yaliyochorwa pembezoni michoro ya koo zao, wakaipeleka bungeni Canberra. Kwetu ungesema wameweka mapambo. Sivyo. Ile michoro ndiyo hati. Kila ukoo una mchoro wake uliotoka kwa Wangarr, asiye na haki hauchori, na anayeuonyesha anasema hapa ni petu na huu ndio ushahidi. Bunge likaona picha nzuri. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 jaji Blackburn akawakatalia, na kinachochekesha kama kuna cha kuchekesha ni kwamba alikiri kwenye hukumu yake kuwa kama kuna mfumo unaostahili kuitwa utawala wa sheria na si wa watu, basi ni huu aliouona mbele yake. Halafu akawanyima.

Sasa mamba. Mwaka 1996 mzee mmoja alikuta kambi ya wavuvi haramu Blue Mud Bay, Garrangali, na ndani ya gunia kichwa cha mamba kilichokatwa. Pale ni kwa Baru, mamba wa Wangarr, babu wa ukoo wa Madarrpa. Baru aliunguzwa na moto kwenye kibanda chake akajitosa baharini na moto mgongoni, yale mabaka ya ngozi ni makovu ya kuungua, na moto ule haukuzimika, unawaka mpaka leo chini ya maji. Umbo la mabaka hayo, pembe nne pembe nne zinazofuatana, ndio mchoro wa Madarrpa. Kwa hiyo kichwa kwenye gunia ni sawa na mtu aje akate kichwa cha babu yako ndani ya msikiti halafu aseme mimi nilikuwa navua tu.

Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo na mchoraji, hakuita polisi. Aliita wachoraji wenzake. Zikachorwa magome 80, kila ukoo bahari yake, mkondo huu wa nani, mwamba ule wa nani, maji matamu yanapokutana na ya chumvi ni pa nani. Magome yakazunguka nchi kwenye maonyesho, yapo jumba la makumbusho ya bahari Sydney. Kisha wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu ikaamua kwamba maji yanayofunika ardhi yao wakati wa kujaa, huko kati ya kupwa na kujaa, ni yao, na mvuvi wa biashara aombe ruhusa. Hukumu iligusa kama asilimia 80 ya pwani ya jimbo lile. Nilipofika hapo nikakumbuka pale tulipokuwa tunaokotea vipesa. Kati ya kupwa na kujaa.

Wiki iliyopita nilikuwa Kilwa Masoko nikamkuta mjomba barazani anashona nyavu, nikamwamkia, nikamwambia yote haya kuanzia kwa Isenberg. Vipesa havikumshughulisha hata kidogo. Alisimamisha sindano nilipofika kwenye majongoo.

"Wanachemsha kabla ya kufukia ama baada?"

"Kabla, mjomba."

"Na wanafukia mchanga wa juu ama ule wa bahari?"

Hapo sikuwa na jibu. Akanitazama kama mtu aliyesoma miezi mingi akaacha la maana, akaendelea kushona, halafu kama baada ya fundo tatu nne akauliza tena, wale Wamakassar kila mwaka walipofika, ruhusa walikuwa wanaomba kwa nani.